Taa ya Injini Imewaka? Pima Waya Kabla Hujanunua Sensa

Sensa ya kwanza niliyowahi kununua ipo mpaka leo kwenye droo ya jikoni, imelala na vifungulio vya soda na betri za rimoti. Ni sensa ya hewa ya Toyota IST, nzima kabisa. Na ile niliyoitoa garini ili kuipisha ilikuwa nzima vilevile.

Gari lilioshwa injini kwa mashine ya presha Jumamosi, pale kando ya ziwa. Jumapili asubuhi, napanda kilima cha Bugando, likaanza kumisi (silinda kukosa kuchoma) na taa ya injini ikawaka. Nikalipeleka gereji, mashine ikachomekwa, ikatoka kodi (namba ya kosa) ya sensa ya hewa. "Bosi, hii ishakufa." Nikanunua. Baada ya siku mbili taa ikarudi. Fundi umeme mmoja mzee wa Nyakato ndiye aliyechomoa soketi, akaipindua kwenye jua, akanionyesha pini moja yenye kutu ya kijani. "Mashine haikukudanganya, kijana wangu. Wewe ndiye hukuisikia vizuri."

Tangu siku hiyo napima kwanza. Ninachoandika hapa ni utaratibu ninaoufuata uani kwangu, kwa magari ya petroli tunayoendesha wengi hapa Mwanza: IST, Vitz, Raum, Premio, Spacio, Noah na ndugu zao. Gari la dizeli lina mambo yake, na haibridi usiiguse popote penye waya wa rangi ya chungwa. Umeme ule unaua.

Kodi inasema nini hasa

Kontroo boksi ni kompyuta ya injini. Haina macho. Sensa nyingi inazipelekea umeme wa volti 5, kisha inasoma volti ngapi zimerudi. Injini ikiwa ya baridi, sensa ya joto la maji inarudisha volti nyingi. Ikipata moto, zinashuka. Boksi inajua kwamba injini iliyo hai haiwezi kurudisha volti 5 kamili wala sifuri. Ikiona hivyo inaandika kodi na kuwasha taa.

Sasa fikiri: waya ukikatwa na panya, boksi inaona nini? Volti 5 kamili. Soketi ikiwa haikukaza? Volti 5 kamili. Sensa yenyewe ikifa ndani? Mara nyingi, volti 5 kamili. Hali tatu, kodi moja. Kwa hiyo P0115 haisemi "sensa ya joto la maji imekufa". Inasema "kwenye njia ya sensa ya joto la maji kuna jambo". Njia hiyo ina sensa, soketi mbili, waya mita kadhaa na athi (njia ya umeme kurudi kwenye hasi ya betri). Sensa ni kitu kimoja kati ya vyote hivyo, tena ndicho cha gharama.

(Kodi hii si ile ya TRA, ingawa na yenyewe ukiipuuza inaongezeka.)

Kuna kodi nyingine hazitaji njia ya sensa yoyote. P0171 inasema mchanganyiko una hewa nyingi mno kwa petroli iliyopo. Hapo sensa zote zinaweza kuwa salama, tatizo likawa mpira wa hewa uliopasuka au pampu ya mafuta iliyochoka. Na P0300 mpaka P0304 ni kumisi: 0301 silinda ya kwanza, 0302 ya pili, na kuendelea.

Jambo moja la haraka kabla ya yote. Taa ikiwaka na kutulia, una muda wa kufika nyumbani. Ikiwa inapepesa huku gari linatetemeka, punguza mwendo na utafute pa kuegesha. Petroli mbichi inapita kwenye silinda isiyochoma na kwenda kuungua ndani ya masega (kile kisafisha moshi kwenye bomba la ekzosi), na masega yakiyeyuka utakumbuka bei ya koili (inayoipa plagi umeme wa kuchoma) kwa huzuni.

Vifaa

Cha lazima ni maltimita ya kidijitali. Ya bei ya chini inatosha, mradi isome volti za DC, za AC, na ohmu. Ile taa ya majaribio yenye balbu, ambayo mafundi huchomeka athi na kugusisha kila mahali, iache kwa taa za breki na honi. Balbu inavuta umeme mwingi, na pini za kontroo boksi hazikutengenezwa kuubeba.

Kingine ni kile kipimia kidogo cha ELM327 kinachochomekwa chini ya usukani na kuongea na simu kwa bluutuu. Hapa wengi hukwama. Magari yetu mengi yalitengenezwa kuuzwa Japani, na Japani haikuwa na sharti la lugha moja ya vipimo mapema kama Marekani, iliyoanza na magari ya 1996. Gari la 2003 linaweza kuwa na soketi ileile ya matundu 16 lakini likaongea lugha ya Toyota peke yake. Kipimia chako kikikataa kuunganika, usidhani boksi imekufa. Tafuta programu yenye sehemu ya Toyota za Japani, au jaribu kipimia cha jirani. Kopi nyingi za ELM327 ni dhaifu na hazijui lugha zote.

Isipounganika kabisa, Toyota nyingi za miaka hiyo zina njia ya zamani: zinapepesa kodi kwa taa. Chini ya dashibodi, upande wa dereva, tafuta soketi ya matundu 16. Ukiitazama ubavu wake mpana ukiwa juu, safu ya juu ni 1 hadi 8 kutoka kushoto, ya chini ni 9 hadi 16. Swichi ikiwa imezimwa, unganisha tundu la 4 na la 13 kwa kipande cha waya mwembamba. Hesabu mara mbili, kisha hesabu tena: tundu la 16 lina umeme wa betri moja kwa moja, na ukiliunganisha na la 4 utaunguza fyuzi ukibahatika, waya usipobahatika. Ukishaunganisha, washa swichi bila kupiga stata. Taa ya injini ikipepesa harakaharaka bila kupumzika, hakuna kodi. Ikipepesa mara mbili, ikatulia kidogo, ikapepesa mara nne, hiyo ni 24: joto la hewa. 12 na 13 ni za mzunguko wa injini, 21 oksijeni, 22 joto la maji, 31 hewa, 41 throtoo (mlango wa hewa ya injini), 52 ni sensa ya kugonga.

Vingine ni vya kawaida: spana namba 10, bisibisi, tochi, mswaki wa zamani, spreyi ya kusafishia soketi, tepu nyeusi ya umeme, daftari. Na jiwe la kuzuia tairi, maana nusu ya nyumba zetu ziko mlimani. Kwa mawe Mwanza hatujawahi kupungukiwa.

Hatua ya kwanza: betri na athi

Naanzia hapa hata kama kodi inasema jambo jingine kabisa. Kontroo boksi yenye njaa ya umeme inaandika kodi za ajabuajabu, tatu nne kwa mpigo, ambazo hazihusiani.

Asubuhi kabla gari halijawashwa, pima betri. Volti 12.6 ni betri iliyojaa. 12.2 imefika nusu. Mwambie mtu apige stata huku unasoma: ikishuka chini ya 9.6, betri au nyaya zake zina shida. Gari likiwaka, usomaji uwe kati ya 13.5 na 14.5. Geuza mita kwenye AC na upime palepale. Ikionyesha zaidi ya nusu volti, dayodi za alteneta zinavuja, na huo umeme mchafu unazivuruga sensa.

Halafu athi, ambayo ndiyo mgonjwa anayesahaulika. Weka ncha nyekundu ya mita kwenye chuma tupu cha injini, nyeusi kwenye nguzo ya hasi ya betri. Mita iwe kwenye volti. Stata ipigwe. Usomaji mzuri hauzidi volti 0.3 hivi. Ukiona 0.8 au 1, waya wa athi umeliwa na kutu au boliti yake imelegea. Fungua, sugua kwa msasa mpaka chuma king'ae, kaza. Kazi ya dakika kumi, na nimeona gari la jirani lililokuwa na kodi nne likapona kwa hiyo tu.

Hatua ya pili: andika, usifute

Watu hupenda kufuta kodi ili taa izimike. Ukifuta umefuta ushahidi. Andika kila kodi, na kama kipimia chako kinaonyesha hali ya injini wakati kodi inaandikwa, piga picha ya skrini. Inakwambia injini ilikuwa na joto gani, mizunguko mingapi, mwendo gani. Kodi iliyoandikwa injini ikiwa na nyuzi 25 na gari limesimama ni habari tofauti na iliyoandikwa ukiwa mwendo wa 80 unapita Kisesa.

Ongeza na kumbukumbu zako. Mvua ilinyesha? Injini ilioshwa? Nani aligusa gari mara ya mwisho, na aligusa nini? Swali hili la mwisho limeniokolea pesa kuliko mita.

Hatua ya tatu: macho na mikono

Gari limezimwa, boneti juu, tochi mkononi.

Panya kwanza. Injini ya moto usiku ni chumba cha wageni, na wanapenda plastiki ya waya. Tafuta mavi yao juu ya kava la injini na nyuma ya betri. Fuata mkungu wa waya unaokwenda kwenye nozeli (zinazopulizia petroli) na koili, maana humo ndimo wanamojificha.

Kisha soketi moja baada ya nyingine. Bonyeza kufuli, chomoa, angalia pini. Kijani au weupe ni kutu. Maji hukaa ndani wiki nzima baada ya kuoshwa kwa presha. Piga spreyi, sugua taratibu kwa mswaki, acha ikauke juani, rudisha mpaka usikie "tak". Kama kufuli la plastiki limevunjika, kaza kwa kamba ya plastiki kwa sasa, lakini andika kwenye daftari kwamba lina deni. Soketi yoyote ya rangi ya njano usiichomoe. Ni ya mifuko ya hewa, na hiyo inaweza kulipuka usoni.

Fungua eakilina (chujio la hewa). Wanaoishi karibu na maji, Kirumba, Igombe, hata Capri Point, wanawajua wale wadudu wa ziwani wanaopanda angani kama moshi. Ukipita katikati yao usiku, eakilina inawameza. Niliwahi kuipiga yangu ukutani wakamwagika wakavu kama pumba za mchele. Eakilina iliyoziba au iliyochanika inapeleka uchafu kwenye waya mwembamba wa sensa ya hewa, na ndipo gari linapoanza kula mafuta na kuchelewa kuitikia.

Mwisho, mpira mkubwa wa hewa kutoka eakilina mpaka throtoo. Ukunje kwa mikono kwenye zile pingili zake. Ufa hujificha chini. Hewa ikiingia baada ya sensa ya hewa, boksi haiihesabu, petroli inakuwa pungufu, na P0171 inazaliwa. Mipira midogo ya hewa itege sikio: chukua bomba la mpira la nusu mita, ncha moja sikioni, nyingine izungushe kwenye maungio injini ikiwa inanguruma. Panapovuja panapiga mluzi. Wengine hupulizia petroli au spreyi ya kabureta. Juu ya injini ya moto, uani penye watoto, mimi sifanyi.

Hatua ya nne: soma data injini ikiwa baridi

Hapa ndipo kipimia kinapolipa. Lipime gari lililolala usiku kucha, saa kumi na mbili asubuhi, swichi imewashwa bila stata.

Joto la maji na joto la hewa linaloingia lazima vikaribiane, maana vyote vimelala mahali pamoja. Asubuhi ya kawaida hapa utaona ishirini na kitu. Kimoja kikisema 22 na kingine 41, kimojawapo kinasema uongo. Kikionyesha −40, njia yake imekatika. Hakuna baridi hiyo hata kileleni Kilimanjaro.

Kama gari lako lina sensa ya mgandamizo wa hewa kwenye manifodi (mabomba yanayogawa hewa kwa silinda), angalia kilopaskali kabla ya kuwasha. Vitabu na video nyingi zitakwambia utegemee 100 au 101. Hiyo ni ya pwani. Ziwa letu liko mita 1,134 hivi juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na usomaji sahihi kwetu ni kama 88 au 89. Kuna watu wamenunulishwa sensa mpya, ya zamani ikiwa nzima, kwa sababu fundi alisoma 89 akasema iko chini. Ukiona 101 Mwanza, hiyo ndiyo ya kutilia shaka.

Sasa washa. Injini ikipata moto na kutulia silensa (ndivyo mafundi wanavyouita ule mngurumo wa gari lililosimama), angalia mambo mawili. Sensa ya hewa kwenye injini ya lita 1.3 au 1.5 isome kati ya gramu 1.5 na 3 kwa sekunde. Halafu marekebisho ya mafuta ya muda mrefu, LTFT. Kati ya asilimia −10 na +10 usihangaike. Ikiwa +20 au zaidi, boksi inaongeza petroli kwa nguvu kufidia kitu. Kanyaga mpaka mizunguko 2,500, shikilia, angalia ya muda mfupi, STFT, nayo inaendaje. Ikishuka, hewa inavuja mahali, kwa sababu uvujaji mdogo unaonekana mkubwa injini ikiwa inapumua kidogo. Isiposhuka, au ikizidi ukipanda mlima, fikiria sensa ya hewa iliyochafuka, chujio la mafuta, au pampu.

Hatua ya tano: sensa yenyewe

Ya joto la maji nitaieleza kwa kirefu, kwa sababu ukiielewa hii umezielewa nyingi.

Ina waya mbili. Chomoa soketi yake, washa swichi, tazama kipimia: kiseme −40. Sasa chukua waya mdogo, unganisha matundu mawili ya soketi upande wa gari, si upande wa sensa. Kipimia kiruke mpaka 140 au zaidi. Kikifanya hivyo, waya ni wazima, soketi nzima, boksi nzima. Mwenye kosa ni sensa. Kikibaki −40, sensa haina hatia, kosa liko kwenye waya, soketi au boksi. Dakika mbili, bila kununua chochote. Fanya hivi kwa sensa za joto zenye waya mbili tu. Za waya tatu usiunganishe chochote, utaichoma boksi.

Ukitaka uhakika zaidi, itoe sensa injini ikiwa baridi (maji kidogo yatamwagika, weka beseni) na uipeleke jikoni. Kwenye maji ya nyuzi 20 Toyota nyingi husoma kati ya ohmu 2,000 na 3,000. Yakifika nyuzi 80 zinashuka hadi kati ya 200 na 400. Angalizo la kwetu: maji hapa yanachemka kwenye nyuzi 96 hivi, si 100, kwa sababu ileile ya mwinuko. Yakitokota, tegemea ohmu 200 au pungufu kidogo. Muhimu kuliko namba ni mwendo wake: zishuke taratibu bila kuruka. Sufuria isiwe ya ugali.

Kama sensa ni nzima lakini joto halipandi kupita 65 hata baada ya kutoka mjini mpaka Buhongwa, angalia themostati (mlango unaozuia maji ya kupozea mpaka injini ipate moto). Mafundi wengi huitoa kabisa wakisema nchi hii ni ya joto. Boksi inadhani injini haijapata moto, inaendelea kumwaga petroli, na wewe unalaumu sensa ya oksijeni.

Sensa ya hewa ina waya mwembamba sana unaopata moto. Usiuguse kwa kidole, kitambaa wala pamba, usiupulizie kompresa. Kuna spreyi yake maalumu. Ya kabureta inaacha mafuta. Piga mara kumi, acha ikauke nusu saa, rudisha. Kwenye soketi yake, swichi ikiwa imewashwa, tundu moja lazima liwe na volti 12, maana hii haitumii 5 kupashia moto. Hakuna 12? Rudi kwenye fyuzi.

Sensa ya kranki (inayosoma mzunguko wa injini) ina tabia inayojulikana: gari linazima lenyewe likipata moto, unasukuma pembeni, unakaa nusu saa unakula muhogo wa kuchoma, unapiga stata linawaka kama halijawahi kuumwa. Likizima tena, usisubiri lipoe. Piga stata ukitazama mizunguko kwenye kipimia. Sifuri wakati injini inazunguka maana yake ishara haifiki. Funika sensa kwa kitambaa chenye maji. Gari likiwaka baada ya dakika chache, umemkamata. Zile za waya mbili pima ohmu: kwa Toyota nyingi ni kati ya 1,000 na 2,700, ikitegemea injini na joto. Iliyokatika ndani husoma OL, yaani umeme haupiti.

Ya oksijeni iliyo kabla ya masega iruke kati ya volti 0.1 na 0.9, mara nane au zaidi katika sekunde 10, ukishikilia mizunguko 2,500. Iliyo baada ya masega inapaswa kutulia. Zikiruka zote mbili kwa pamoja na una P0420, chungulia chini ya gari kabla ya kununua chochote. Masega yako yanaweza kuwa yalishauzwa bila wewe kujua, kuna bomba tupu. Hapo hakuna sensa itakayozima taa.

Throtoo: swichi imewashwa, injini imezimwa, kanyaga pedali polepole, volti zipande bila kuruka. Ukisafisha throtoo ya umeme usisukume kile kibao chake kwa kidole. Sensa ya kugonga imejificha chini ya manifodi kwenye injini nyingi. Hiyo mpe fundi.

Gari linamisi

Kwa kumisi njia nzuri kuliko zote ni kubadilishana. Kodi inasema P0301? Toa koili ya silinda ya kwanza, weka ya pili, ya pili ije ya kwanza. Futa kodi, zunguka mtaani. Ikirudi P0302, koili ndiyo mgonjwa, imehama na ugonjwa wake. Ikibaki 0301, rudia hivyohivyo kwa plagi. Ikibaki tena, nozeli au waya wake, au mgandamizo wa silinda yenyewe. Angalia pia shimo la plagi: mafuta ya injini yakijaa humo, gasketi ya kava imekwisha, na koili mpya italoana kama ya zamani.

Kontroo boksi iwe ya mwisho

Ukiambiwa "boksi imekufa", omba uonyeshwe mambo matatu: fyuzi ya EFI ni nzima, rilei kuu (swichi inayolisha boksi umeme) inagonga "tak" ufunguo ukiwashwa, na athi za boksi zinasoma karibu na sifuri. Swichi ikiwashwa taa ya injini isiwake hata kidogo, na kipimia kisiunganike, usikate tamaa bado. Pima ile volti 5 kwenye soketi ya sensa yoyote ya waya tatu. Ikiwa haipo, chomoa sensa za volti 5 moja moja huku mita ikiwa palepale. Mara nyingine sensa moja iliyoshoti inazivuta zote chini, na boksi inalala kujilinda. Ukiichomoa hiyo moja, taa inawaka na gari linarudi.

Boksi ya mtumba nayo haiingii hivihivi. Gari lenye ufunguo wa chipu litakataa kuwaka mpaka ufunguo usajiliwe upya, na namba za boksi zifanane kabisa, si "za IST" tu. Na yeyote anayekuja kuchomelea bodi, betri itolewe kwanza.

Kuthibitisha

Futa kodi kwa kipimia, au toa fyuzi ya EFI dakika moja au zaidi. Silensa inaweza kuyumba mwanzoni, boksi inajifunza upya. Liache lingurume dakika kumi bila easi (kiyoyozi), kisha kumi na easi.

Halafu barabarani. Zamani foleni ya kivuko pale Kigongo ilikuwa kipimo kikali cha silensa: saa nzima juani, unasogea hatua tatu, unasimama. Tangu daraja lifunguliwe Juni 2025 unavuka maji kwa dakika chache, kwa hiyo foleni itafute mjini, Barabara ya Nyerere saa kumi na moja jioni. Toka hapo mpaka Usagara kwa mwendo wa kutulia, rudi, panda mlima mmoja kwa gia ndogo. Ukifika nyumbani, soma kodi zinazosubiri, hata kama taa haijawaka, kwa sababu kodi nyingi zinahitaji safari mbili kabla ya kuiwasha. Asubuhi injini ikiwa baridi soma tena, uandike kwenye daftari, tarehe na kilomita.